Anti, naambiwa naongea Kiingereza kama barua ya ofisi

Shikamoo Anti,

Samahani meseji ni ndefu ila nimejaribu kuifupisha nimeshindwa. Mi ni kijana wa miaka 29, Kiingereza nimesoma tangu mdogo na sijisifu lakini grama naijua, mitihani nilikuwa nafaulu vizuri tu na hata sasa hivi ripoti za kazini nikiandika zinapita bila kuguswa. Tatizo ni mdomo. Kwenye maongezi ya kawaida, yale ya kupiga stori tu, nageuka mtu mwingine kabisa.

Nafanya kazi na timu ya watu wa nchi tofauti tofauti, tunakutana kwa simu za vidio karibu kila siku, afu kuna zile dakika tano za mwanzo kabla bosi hajaingia, wenzangu wanapiga stori wanacheka, mi nimekaa kimya kama picha ya ukutani. Sio kwamba sielewi, naelewa karibu yote, ila mpaka nitoe sentensi kwenye Kiswahili niipeleke kwenye Kiingereza, nikague wakati uliopita, nikague umoja na wingi, wao wameshahama zamani wako mada nyingine.

Na siku nikisema ndo balaa. Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa kwenye timu alisema mbwa wake kaumwa usiku kucha na yeye hajalala, wote wakawa wanamwonea huruma, na mi nikataka nimpe pole, Anti, unajua nilisema nini? "I am sorry for the inconvenience caused." Kimya. Afu wakacheka, sio kwa ubaya, lakini nilitamani simu ikatike.

Siku nyingine huyo huyo aliniuliza "Didn't you get my email?", nikajibu "Yes" nikimaanisha ndiyo, sijapata. Yeye akaelewa nimepata, akasubiri jibu siku mbili nzima, mwisho ikawa kama mi ndo mzembe. Na kaka mmoja tunaelewana sana aliniambia kwa upole kwamba naongea kama barua, nijiachie kidogo. Sasa kujiachia ndo kufanyaje?

Nilitafuta orodha ya misemo 100 ya Kiingereza nikaikariri, siku mvua inanyesha nikasema "it's raining cats and dogs", wakacheka tena, mmoja akasema hajamsikia mtu akiisema hiyo tangu bibi yake. Nikajaribu aksenti ya Kimarekani, wanna na gonna kila mahali, rafiki yangu akaniuliza kama nina mafua.

Naomba unisaidie Anti. Nifanye nini nisikike kama mtu wa kawaida? Aksenti nibadilishe? Na itachukua muda gani? Usinitaje jina.

Mimi, Barua ya Ofisi

*

Marahaba mwanangu Barua ya Ofisi,

Nimecheka hiyo ya "inconvenience" mpaka nimekaa chini, nisamehe, ila nimecheka kwa sababu najijua. Mi mwenyewe enzi hizo mtu kanipita kwenye korido kaniambia "How's it going?" nikasimama, nikageuka, nikaanza "I am fine thank you, and how are you, and how is..." nainua macho mwenzangu keshafika mwisho wa korido. Alichotaka ni "Good, you?" basi, tena huku natembea. Kwa hiyo hauko peke yako.

Sasa nimesoma barua yako mara tatu na kuna kitu we mwenyewe hujakiona. Unaongelea sentensi zako tu, jinsi ya kuzipanga, kuzikagua, kuzitoa. Hakuna mahali umeniambia unampokeaje anayeongea. We ukiwa unapiga stori kwa Kiswahili, mwenzako akisema "jana bwana nikakuta mlango uko wazi", unakaa kimya unatunga sentensi? Hapana, unasema "enhe", unasema "wee!", unasema "kumbe!", "afu ikawaje?", yaani nusu ya maongezi yako ni kupokea na wala hufikirii. Ukihamia Kiingereza unaviacha hivo vyote mlangoni unaingia na sentensi kamili tu, kama mtu anayehutubia. Hapo ndo unasikika barua. Grama haina kosa.

Kwa hiyo anza na kupokea, manake ni rahisi na haihitaji upange kitu. Kiingereza kina vya kwake, "mm-hm", "right", "oh no", "really?", "no way". Na kuna kimoja wanakitumia sana ambacho vitabu vinakipita haraka mno, unachukua kile kitenzi kisaidizi cha mwenzako unamrudishia kama swali. Kasema "I've just moved house", we "Have you?" Kasema "She hates it", we "Does she?" Kasema "I'm exhausted", we "Are you? Why?" Sio swali la kutaka jibu, ni "ehee" yao, inamwambia endelea nakusikia. Tena inafaa sana kwa mtu kama wewe kwa sababu ile grama unayoijua inafanya kazi hapo hapo, maneno mawili, na hakuna cha kutafsiri.

Angalia sauti lakini. "Really" ya kupanda juu ni mshangao wa kweli, ukiisema chini chini bapa inasikika kama humwamini au imekuchosha.

Kuhusu pole, hapo sikulaumu, pole ni neno ambalo Kiingereza hakina lote kwa pamoja. Sisi pole ni ya mgonjwa, ya msiba, ya aliyejikwaa, ya aliyechoka na kazi, moja tu inatosha wote. Wao wanaigawa. Jambo zito, "I'm so sorry to hear that". La kawaida kama mbwa kuumwa na usingizi kukatika, "Oh no, poor you, is he okay?" inatosha kabisa. Mtu akijikwaa, "Are you okay?" au "Oops, careful", ukimwambia "sorry" peke yake wengine watakujibu "it's not your fault" na we utabaki unashangaa kwani nani kasema ni kosa langu. Mtu kachoka na kazi, mwambie "long day?" yatosha. Hiyo "inconvenience caused" waachie wenye matangazo ya safari kuchelewa.

Haya tuje kwenye "Yes" yako iliyokugharimu siku mbili. Hili linatukamata watu wengi sana na halina uhusiano na akili. Kiswahili tunakubaliana na swali. Hujapata? Ndiyo, sijapata, yaani ni kweli ulivyosema. Kiingereza hakijali swali limekaaje, kinaangalia ukweli wenyewe, kama hukupata ni "No, I didn't", kama umepata ni "Yes, I did", hata aulize kwa kukanusha mara ngapi. Ukichanganyikiwa achana na yes na no kabisa, sema tu "I didn't get it" au "I got it, thanks", hakuna atakayekuelewa vibaya. Na ndugu wa hili ni "Would you mind waiting?" ambayo maana yake ni utachukia ukisubiri, kwa hiyo aliye tayari kusubiri anasema "No, not at all" au "Sure, no problem", ukisema "Yes" bapa bila tabasamu mtu anaweza kudhani umekataa.

Sasa sauti. Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapofanya hata sentensi sahihi isikike ya kitabu.

Kiswahili ni lugha ya haki, kila silabi inapewa chake, na mkazo karibu kila neno uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, unajua kabla hujafungua mdomo. Kiingereza ni cha upendeleo. Silabi moja au mbili kwenye sentensi zinagongwa, zilizobaki zinamezwa, zinakuwa kama "ə", kile kisauti kivivu cha katikati ya mdomo kinachoitwa schwa, na hicho kisauti kivivu ndo irabu inayosikika kuliko zote kwenye Kiingereza ingawa haina hata herufi yake. Sisi tuna irabu tano, Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa kwenye vitabu kinahesabiwa sauti za irabu 20, sasa we unazilazimisha zote ziingie kwenye tano zako na kila moja unaitamka wazi wazi, matokeo yake unasikika unasoma. Mkazo nao unatembea, photograph wanagonga mwanzo, photography silabi ya pili, photographic ya tatu, neno moja hilo hilo la ukoo mmoja.

Mfano mdogo unaoumiza watu. "I can come tomorrow." Hapo "can" inamezwa, inakuwa "kn", mkazo uko kwenye "come". We ukiitamka "KAN" safi kabisa kwa heshima zote, msikilizaji hasa wa Kimarekani anaweza kusikia "can't", na hapo umemwambia huji. Unaona sasa, kutamka vizuri kupita kiasi kunageuza maana.

Hivo hivo na kufupisha. "I'm", "don't", "it's", "I'll", "we've". Nadhani shuleni tuliambiwa tusifupishe kwenye insha tukabeba hilo katazo mpaka mdomoni. Kwenye kuongea, ukisema "I AM listening", "I DO NOT know" kirefu, anayesikia anasikia unabisha au umekasirika, kwa sababu wao kirefu wanakitoa wakitaka kusisitiza. Kwa hiyo unaweza kuwa unajiona mstaarabu kumbe wenzako wanajiuliza wamekukosea nini. Fupisha. Isipokuwa mwisho wa jibu, "Yes, I am", hapo haifupishwi, usije ukasema "Yes, I'm" ukaniletea lawama.

Gonna na wanna sasa. Sio mbaya, watu wanasema kweli, ila hizo ni matokeo ya kuongea haraka na kumeza, haziletwi za kwanza. We ulizibandika kwenye sentensi ambayo maneno mengine yote yamenyooka kama askari, lazima zionekane, ndo maana ukaulizwa mafua. Meza kwanza "to" na "of" na "for" na "and", gonna itakuja yenyewe siku moja hata hutaiona ikiingia.

Maneno makubwa nayo uyapunguze. Sijakusikia ukiongea lakini mtu wa "inconvenience caused" lazima anasema "purchase" na "commence" na "assist". Sema buy, start, help. Michael West alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayotumika zaidi, na ukiisoma utaona unayajua karibu yote, ila hujui yanavyojiunga, maana get na put na turn na come zikiungana na up, out, off, on ndo zinazaa Kiingereza cha sebuleni. Find out, sort out, put off, turn up, run into. Haya ndo ya kukariri badala ya paka na mbwa wa mvua. Misemo ya kwenye orodha mi huwa nasema itupe, sio kwamba yote imekufa, ila huwezi kujua ipi iko hai na ipi ni ya bibi mpaka uisikie mwenyewe kwa mtu wa rika lako, tena mara mbili tatu. Ukiisikia, chukua, ni yako.

Kidogo kuhusu kuomba vitu. Kiswahili upole tunauweka ndani ya kitenzi, naomba unisaidie, unitumie, hata bila neno tafadhali mtu anasikia adabu. Ukitafsiri inabaki "I want you to send me" au "Send me, please", na hiyo please haiokoi kitu, bado ni amri iliyovaa koti. Wao upole wanauweka kwenye could, na would, na vineno kama just na a bit. "Could you send me that when you get a sec?" Ndo naomba yao hiyo. Na kukataa vilevile, "no" peke yake ni kofi, wanaanza na "I'd love to, but..." au "Hmm, I'm not sure".

Aksenti uliyouliza, usibadilishe. Kiingereza duniani kinaongewa na watu wengi zaidi waliokijifunza baadaye kuliko waliozaliwa nacho, na kwenye hiyo timu yako sidhani kama kuna aksenti mbili zinazofanana. Kinachotakiwa usikike, basi. Kwa hiyo tengeneza vile vinavyoleta utata tu, live na leave, ship na sheep, full na fool, na ile tabia yetu ya kumalizia neno kwa irabu isiyokuwepo, "booki", "goodi". Ah na he na she, kwa sababu "a" yetu haijali mume wala mke ukichoka tu utamwita bosi wa kike "he", hata waliokaa na Kiingereza miaka na miaka linawatoka, ukijikamata rekebisha endelea, usisimame kuomba radhi dakika nzima.

Mazoezi. Usisikilize watangazaji wa habari, wale wanasoma, utatoka barua zaidi. Tafuta rekodi ya watu wawili wanapiga stori tu, bila maandishi ya kusoma, chukua dakika moja, sio saa zima, dakika moja. Sikiliza mpaka uijue kama wimbo, afu ongea juu yao, pamoja nao, ukimeza wanapomeza na kupanda wanapopanda, hata maana usiijali kwanza. Afu jirekodi kwa simu ujilinganishe. Siku za mwanzo utajichukia, sauti yako mwenyewe ikirudi kwenye simu haimpendezi mtu yeyote. Rudia dakika hiyo hiyo wiki nzima ndo uhamie nyingine. Watu wengi wanakosea hapa, wanasikiliza masaa mengi juu juu na mdomo hawaufungui.

Na zile dakika tano kabla bosi hajaingia, usiende mikono mitupu. Kaa na vitu viwili mfukoni, swali moja la kumuuliza mtu na kastori kamoja kadogo ka wikendi, sentensi tatu, ambazo umeshazisema kwa sauti ukiwa peke yako chumbani. Ukikwama katikati usinyamaze, ukimya ndo unaotisha, sema "well...", "I mean...", "what's the word...", hizo ni "yaani" na "nanii" zao, hata waliozaliwa na hiyo lugha wanajikokota nazo kila siku. Kosa la grama likikutoka liache lipite. Najua litakuuma, mtu wa mitihani huwa linamuuma, ila hakuna anayesahihisha pale.

Muda gani, siwezi kukudanganya kwa kukupa tarehe. Kupokea unaweza kuanza kesho na utaona tofauti kesho hiyo hiyo. Kumeza sauti kunachukua muda mrefu zaidi, tena kunakuja bila wewe kujua, siku moja utajisikiliza kwenye rekodi ya zamani ushangae.

Na yule dada wa mbwa, imepita wiki mbili na najua hujamuuliza tena kwa sababu ya aibu. Kikao kijacho akiingia tu muulize "How's the dog?" Afu akianza kujibu, usitunge chochote, pokea.